Belgrave haikuanza mwaka 1972, na majina ya Jinja yasifutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyoitoa wiki mbili zilizopita kuhusu Wahindi wa Uganda walioko Leicester, Uingereza. Mwandishi wenu ameeleza vizuri mateso ya mwaka 1972, walipofukuzwa na Idi Amin, na hapo simpingi. Nisichokubali ni pale alipoueleza mtaa wa Belgrave kana kwamba kabla ya ndege za kutoka Entebbe palikuwa mahali patupu, pasipo na wenyewe wala habari. Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye baraza ya Iganga Road hapa Jinja tangu nikiwa kijana. Mwaka jana nilikaa Belgrave wiki saba kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi kule. Alikuwa akienda zamu asubuhi, mimi navaa viatu natoka. Niliyoyaona na kuyauliza ndiyo ninayoyaandika, na mwishoni nitarudi kwa majina ya kale yanayogongwa kwenye nyumba za Jinja.

Nianze na jina. Mwaka 1086 makarani wa Mfalme William wa Uingereza walipita nchi nzima wakiandika kila kijiji, kila jembe na kila kinu. Katika kitabu chao, Belgrave inaitwa Merdegrave. Kwa Kiingereza cha kale maana yake ni kichaka cha mnyama mmoja mdogo wa manyoya anayefanana na kicheche wetu. Watawala wapya, hata hivyo, walikuwa Wanormani, wasemao Kifaransa, na kwa Kifaransa sehemu ya kwanza ya jina hilo inasikika kama kinyesi. Nani anataka kuishi mahali panapoitwa hivyo? Wakaitoa, wakaweka "bel", yaani zuri, na kijiji kikawa kichaka kizuri hadi leo. Binti yangu alicheka aliponisikia nikimsimulia, kwa sababu amekaa pale miaka sita bila kujua. Mimi sikushangaa. Mji wetu umepewa jina kwa Kiganda na Kisoga kutokana na mawe ya mtoni, na Speke, mvumbuzi Mwingereza, alipofika mwaka 1862 aliyaita maporomoko yetu Ripon, jina la bwana mmoja wa London ambaye hakuwahi kuyaona. Kila mgeni mwenye nguvu hubadili jina.

Kijiji cha zamani bado kipo. Ukitoka barabara kuu ya maduka, ukielekea upande wa mto Soar, kelele za magari zinapungua na ghafla unakuta kanisa la mawe la St Peter, la enzi za kati. Mbele kidogo kuna daraja la kale la mawe juu ya mto, na katikati ya hayo yote limesimama jumba la Belgrave Hall. Ni nyumba ya matofali, ghorofa tatu, madirisha yamepangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Ilijengwa kati ya mwaka 1709 na 1713, na mwenyewe aliitwa Edmund Cradock.

Nilipoambiwa kazi ya huyo Cradock nilisimama nikaitazama nyumba upya. Alikuwa mfanyabiashara wa soksi. Soksi, Ndugu Mhariri! Jiji la Leicester lilijengwa kwa uzi. Kwa miaka zaidi ya mia mbili watu wa vijiji vile walikaa ndani ya vyumba vyao, mbele ya fremu ya kufumia ya mbao na chuma, wakikanyaga na kuvuta, baba anafuma, mama anashona mshono wa nyuma, mtoto anazungusha uzi. Tajiri anakusanya, anauza London, anajenga ghorofa tatu. Baba yangu alishona mashati kwenye baraza ya duka la Mhindi kwa malipo ya kila shati, kitambaa cha tajiri, uzi wa tajiri. Nilikuwa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani lakini mpango ule wa kazi niliutambua mara moja.

Baadaye nyumba hiyo ikanunuliwa na John Ellis, Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu moja la Kikristo, na mtu wa reli. Ni yeye aliyehangaikia reli ya kwanza ya Leicester, ile ya kwenda Swannington iliyofunguliwa mwaka 1832 ili makaa ya mawe yafike mjini kwa bei nafuu. Akawa mwenyekiti wa kampuni kubwa ya reli ya Midland, akawa mbunge pia. Alifariki mwaka 1862, mwaka uleule ambao Speke alisimama hapa kwetu akiutazama Mto Nile ukitoka ziwani. Binti zake waliendelea kuishi katika jumba hilo hadi karne ya 20, na miaka ya 1930 jiji likalichukua kuwa makumbusho. Bustani yake ina ukuta mrefu wa matofali. Siku niliyokwenda palikuwa na mama mmoja Mzungu amepiga magoti anang'oa magugu, na karibu naye mzee wa Kihindi amevaa sweta anamsaidia kubeba ndoo. Walikuwa wakibishana kuhusu nyanya.

Sehemu nyingine iliyonishika ni kituo cha zamani cha kusukuma majitaka, Abbey Pumping Station, kando ya mto. Kwa nje kinafanana na jumba la mtu mkubwa. Kilifunguliwa mwaka 1891, kwa sababu jiji lilikuwa limekua, mito imechafuka, na uchafu wote ulipaswa kusukumwa kupanda juu hadi mashamba ya Beaumont Leys. Ndani mna mitambo minne ya mvuke, imetengenezwa na kiwanda cha Gimson cha Leicester kwenyewe. Nilibahatika kufika siku waliyowasha mmoja. Kuna boriti kubwa ya chuma juu, inapanda upande huu na kushuka upande ule, polepole, na mwisho wake umefungwa mkono wa chuma unaozungusha gurudumu lililo refu kuliko nyumba yangu ya Walukuba. Nilitazama mkono ule kwa muda mrefu. Ni kanuni ileile ya kanyagio la cherehani yangu: mguu unapanda na kushuka, mkono unasukuma, gurudumu linazunguka. Tofauti ni ukubwa. Sakafu haikutikisika hata kidogo, na mafuta yalinukia kama yale ninayotia kwenye bobini. Mitambo ile ilisukuma majitaka ya jiji zima hadi mwaka 1964. Ilipostaafishwa hawakuikata kuwa vyuma chakavu. Hapo jirani, mwaka 2001, wakajenga kituo cha maonyesho ya anga za juu chenye mnara unaopitisha mwanga, ndani yake roketi zimesimama wima. Kwa hiyo umesimama mahali pamoja, kushoto mtambo wa kinyesi wa 1891, kulia roketi, na mto ni uleule.

Belgrave iliingizwa ndani ya mipaka ya Leicester mwaka 1892. Wakati huo ndipo zilipojengwa zile nyumba za safu, ukuta kwa ukuta, mlango unafungukia barabarani, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya soksi na viatu. Palikuwa na stesheni ya treni pia, Belgrave Road, iliyofunguliwa mwaka 1882. Wenyeji wazee wanaikumbuka kwa treni za likizo za kwenda pwani ya Skegness, ambazo ziliendelea mpaka mwaka 1962. Leo huioni tena. Baada ya vita vikuu vya pili watu wengi walianza kuhamia nyumba mpya za pembezoni, zenye bafu la ndani na bustani. Nyumba za safu zikabaki, za bei rahisi, na viwanda bado vilitaka mikono.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Nilikuwa na miaka kumi Amin alipotangaza, Agosti 1972, kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka nchini. Wasomaji wazee wanajua. Ila jambo moja vijana wengi hawalijui, nalo linahusu gazeti. Tarehe 15 Septemba 1972 halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika Uganda Argus, gazeti lililosomwa hapa, likiwaambia watu kwamba kwa faida yao na ya familia zao wafuate ushauri wa bodi ya Uingereza iliyowapangia waliofukuzwa mahali pa kukaa, wasiende Leicester. Siku tatu baadaye ndege ya kwanza ilitua Stansted. Maelfu walikwenda Leicester vilevile. Wazee niliozungumza nao kule waliniambia tangazo lile ndilo lililowafundisha wengine kwamba kuna mji unaoitwa hivyo, na kwamba tayari kuna Wahindi wengi ndani yake. Nakuandikia haya wewe mwenye gazeti, kwa sababu karatasi ile ingali inatunzwa na kuonyeshwa huko miaka hamsini baadaye, wakati hapa kwetu sijui ni nyumba ngapi zenye nakala.

Nikueleze duka moja. Barabara ya Belgrave sehemu yake ya maduka inaitwa Golden Mile, Maili ya Dhahabu. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya masonara, wengine wanasema ni taa za barabarani za rangi ya manjano. Niliingia duka la vitambaa kwa sababu fundi hawezi kupita dukani bila kugusa. Nilishika hariri moja ya zambarau, nikaikunja pembe kati ya vidole kuona kama inarudi. Mzee aliyekuwa nyuma ya meza akanitazama mikono, hakunitazama usoni. Akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Wewe fundi."

Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, natoka Uganda.

"Uganda wapi?"

"Jinja."

Akaweka mkasi chini. Akauliza barabara gani. Nikamtajia. Akauliza baraza ya duka lipi. Nikamtajia jina lililokuwa limeandikwa juu ya nyumba alipokuwa akishona baba. Akalirudia jina lile, akahesabu kwa vidole duka kwa duka, kutoka kona ya soko kuja chini: wa mchele, wa taa za karabai, wa baiskeli, halafu hilo, halafu lao. Lao, Ndugu Mhariri, lilikuwa jirani kabisa na la tajiri wa baba yangu. Aliondoka Jinja akiwa na miaka kumi na tisa. Hajarudi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupikifupi, lakini maneno yalikuwa yametulia mdomoni kama meno. Akaniuliza kama jina bado lipo juu pale. Nikasema lipo. Na siku hiyo lilikuwepo.

Alinipeleka kula. Kwenye orodha ya chakula imeandikwa "mogo". Nilidhani ni neno la Kigujarati. Kumbe ni muhogo wetu, umekaangwa, umenyunyiziwa ndimu na pilipili. Waliondoka na neno mdomoni, na leo Waingereza wanalitumia bila kujua limetoka kwa nani. Mama wa nyumbani kwao anaita ufagio "fagio" na kisu ni kisu. Sisi nasi tunasema duka na chapati kwa sababu yao. Na gomesi ninayoshona kila wiki, vazi la heshima la mama zetu katika harusi na kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, imechukua jina la Gomes, fundi Mgoa aliyeshona Kampala zaidi ya miaka mia iliyopita. Ukitaka kuwatenganisha watu hawa na sisi itabidi ufumue mshono mpaka kitambaa kiishe.

Kuna sanamu ya Gandhi kwenye barabara ile, tangu mwaka 2009. Nilimwambia mzee kwamba sisi tunaye pia, pale chanzo cha Nile, na kwamba sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni hapo mwaka 1948. Alijua. Baba yake alikuwepo.

Sisemi kila kitu kule kimetunzwa. Miaka ya 1970 walijenga barabara ya juu, daraja kubwa la zege lililopita juu ya vichwa vya watu na kuukata mtaa kutoka katikati ya jiji. Likabomolewa mwaka 2014, na wenyeji niliowauliza hakuna aliyelilia. Makosa yanabomolewa, sawa. Lakini nilichokiona karibu kila mahali Leicester ni vibao vya kueleza: nyumba hii ni nini, nani alikaa, lini. Vimeandikwa kwa maneno machache na picha ya zamani. Unasimama dakika mbili, unasoma, unaendelea na safari ukiwa unajua kitu. Mfumaji wa soksi yumo, mtu wa reli yumo, na aliyekuja na sanduku moja kutoka Uganda yumo.

Sasa nirudi Jinja, maana ndiko uchungu wangu uliko.

Nilirejea mwezi wa Agosti. Asubuhi ya pili nikabeba cherehani kwenda barazani. Nikakuta ngazi zimeegemezwa, vijana wawili juu, wanagonga kwa nyundo. Nyumba imeuzwa na mwenye nyumba mpya anataka bango la plastiki upana wote wa mbele. Zile herufi za saruji zilikuwa zinamzuia. Wasomaji wa Jinja wanazijua nyumba hizi: juu kabisa, mbele, ukuta umepanda kidogo kama kipaji cha uso, na hapo fundi mwashi wa zamani amefinyanga jina la ukoo na mwaka, pengine na ua au jua pembeni. Yetu ilikuwa na jina na mwaka 1929. Nilipopiga kelele walikuwa wamekwishalimaliza jina. Mwaka ulikuwa umebaki nusu. Yule kijana alinijibu kwa adabu, "Mzee, mimi nimetumwa tu," na ni kweli alikuwa ametumwa.

Nilikwenda ofisi moja inayohusika na majengo. Nikaambiwa nyumba si ya umma, haimo katika orodha, kwa hiyo hakuna kosa. Nilirudi mara ya pili, nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Ni miezi mitano sasa.

Najua hoja ya wanaosema majina yale ni ya walowezi waliotunyonya, acha yafutike. Nimeisikia hata msikitini. Baba yangu alilipwa kidogo, na mimi ndiye niliyelala njaa siku ambazo mashati hayakutosha, kwa hiyo nina haki ya kuijibu. Juu ya herufi zile hakuna mkono wa tajiri. Aliyezifinyanga ni mwashi, aliyebeba maji ya saruji ni kibarua wa hapa Busoga, na aliyekaa chini yake miaka 31 akishona ni baba yangu. Jina la baba halikuandikwa popote katika mji huu. Kitu pekee kilichoonyesha mahali alipokaa ni jina la yule mwingine. Walipoligonga, walimgonga na yeye.

Vilevile kuna jambo la faida. Watalii wanaokuja kuona Nile wanapita Main Street wakiwa na kamera. Nimewaona wakipiga picha madirisha yenye matao na baraza za nguzo, kisha wakiniuliza mimi, mwenye futi shingoni, nyumba hii ni ya nani. Wengine ni vijana waliozaliwa Leicester, wamekuja na picha ya babu kwenye simu, wanatafuta duka. Mwaka huu nimewapokea watatu. Wawili nimewafikisha. Wa tatu, msichana, nyumba yao imekwisha kuwa ghorofa la vioo. Alisimama pale mbele akanunua maji, akaondoka.

Kwa hiyo ninaomba. Halmashauri ya jiji letu ituwekee sharti dogo: anayekarabati au kubandika bango kwenye nyumba ya zamani, jina na mwaka viachwe vionekane. Hakuna gharama, bango lishuke nusu mita tu. Pale ambapo nyumba imekwishakwenda, kiwekwe kibao. Na vibao visiishie kwa wenye maduka. Iandikwe stesheni na reli ya Namasagali iliyofunguliwa mwaka 1912, waandikwe waliofanya kazi viwandani na wakaishi Walukuba, yaandikwe maporomoko yaliyofunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Viandikwe kwa Kisoga na Kiswahili pamoja na Kiingereza, ili kibarua anayepita apate kusoma. Walimu wa shule za hapa wawalete watoto barazani. Wazee wanaokumbuka duka kwa duka bado tupo, ingawa mwaka huu tumezika wawili.

Nanyi gazetini ninawaomba mtafute picha za zamani za mji huu mlizo nazo makabatini, mzichapishe moja kila wiki mkituuliza wasomaji ni wapi na ni nani. Mtapata majibu mengi kuliko mnavyodhani.

Mzee wa Belgrave alinipigia simu mwezi uliopita. Aliuliza habari za baraza, akauliza tena kama jina lipo. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza, halafu akaomba nimtumie picha ya kilichobaki.

Kilichobaki ninacho. Siku ile niliinama kwenye kifusi nikaokota kipande chenye tarakimu ya 9 ya mwisho, nzima, na chokaa ya rangi ya buluu imeshika kwenye mkunjo wake. Ni kizito, kinatosha mikono miwili. Kiko chini ya meza ya cherehani yangu, kimefungwa kwenye kitambaa cha kaniki, Iganga Road, na mimi niko hapo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi isipokuwa Ijumaa mchana. Mtu wa makumbusho au wa halmashauri anayekihitaji aje akichukue, na nitamwonyesha mahali penyewe kilipotoka.

Wako,
Fundi cherehani,
Walukuba, Jinja